Kindle imegoma kwa kompyuta ya saiba? Usikimbilie kuzima antivirasi

KIFAA kinachaji, taa ndogo inawaka, lakini kompyuta imenyamaza kana kwamba haijaona kitu. Unachomoa waya, unapuliza tundu, unachomeka tena. Bado kimya. Jamaa aliyekaa kwa mashine ya pili anageuka na kukupa ushauri ambao kila mtu Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, ameshawahi kuusikia: "Zima antivirasi, hiyo ndiyo inasumbua."

Huyo jamaa hajakosea kabisa. Ulinzi wa kompyuta kweli unaweza kuzuia kisomaji cha vitabu, kiwe Kindle, Kobo au kingine chochote. (Mtaani vyote tunaviita Kindle, vile dawa yoyote ya meno ni Colgate.) Shida ni kwamba ushauri wake ni sawa na kung'oa lango la ploti nzima kwa sababu umepoteza ufunguo wa chumba kimoja. Na ploti yenyewe si yako. Ukishatoka hapo, kwenye kiti hicho hicho atakaa mtu anayeingia eCitizen, mwingine anayejaza fomu ya HELB, na mama fulani anayefungua akaunti yake ya KRA. Wote wataandika nywila zao kwa mashine uliyoiacha wazi.

Kwa hivyo, vijana wenzangu, leo tutafute ni kufuli lipi hasa linalokuzuia, tulifungue hilo moja pekee, kisha tulirudishe mahali pake.

Kwa nini kompyuta inakushuku

Kompyuta haijui umebeba riwaya. Kwa macho yake, visomaji vingi vikichomekwa ni flashi tu, na flashi zina historia mbaya. Mnamo Novemba 2008 mnyoo wa kompyuta uitwao Conficker ulianza kusambaa, na mojawapo ya njia zake ilikuwa hiyo hiyo flashi: unaichomeka, Windows inaendesha yenyewe kilichomo ndani, mnyoo umeshaingia. Mwaka 2010 ukagunduliwa mwingine, Stuxnet, ambao ulihitaji tu ufungue folda ya flashi na kuitazama. Februari 2011, Microsoft ilituma sasisho la kuzuia Windows XP na Vista kuendesha vitu vya flashi bila kuulizwa.

Huku kwetu stori hiyo tuliijua kama virusi vya shotikati. Umeenda kuchapisha CV, unafungua flashi, unakuta kila faili imegeuka kijishale kisichofunguka. Ukiipeleka flashi hiyo kwa mashine nyingine, nayo inaugua.

Ndiyo maana wenye saiba, wasimamizi wa maktaba na walimu wa kompyuta walianza kufunga matundu ya USB. Si roho mbaya. Mtu ana mashine sita, kila moja inachomekwa vitu vya watu wasiojuana kutwa nzima. Zikilala siku mbili, hiyo ni kodi ya mwezi imeyumba.

Si jambo dogo

Unaweza kuuliza: kwani kuna haja gani ya kuhangaika hivi kwa sababu ya kitabu?

Mimi sikumaliza chuo. Ukishatoka pale langoni, kitu cha kwanza kukatika ni kadi ya maktaba, na hapo ndipo unaijua bei halisi ya kitabu. Kisomaji kimoja hubeba mamia ya vitabu. Betri yake unaihesabu kwa wiki, si kwa saa. Mtaa ukiwa na tabia ya kupoteza stima bila kuaga, huo ni msaada mkubwa. Tena hakina TikTok ya kukuvuta shati kila baada ya ukurasa mmoja.

Wala hili si wazo la majuzi. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilipeleka visomaji kwa shule za Kilgoris, na baadaye likashirikiana na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, kuviweka katika maktaba za umma. Maktaba za huku magharibi mwa Kenya zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuvipokea. Hoja ilikuwa rahisi: lori la vitabu halifiki kila mahali, lakini faili hufika.

Chukua kijana wa Port Victoria, kule Budalang'i, mto Nzoia unapoingia ziwani. Hahitaji kupanda matatu hadi Kisumu kutafuta duka la vitabu. Project Gutenberg ina zaidi ya vitabu 70,000 ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vyote vya bure. African Storybook ina hadithi za watoto za bure, zikiwemo za Kiswahili na Dholuo, za kumsomea mdogo wako. Kinachobaki ni hatua moja tu: kuingiza faili ndani ya kifaa. Na kompyuta iliyo karibu naye ni ya shule au ya saiba. Si yake. Ikikataa, safari imeishia hapo.

Hatua hiyo imekuwa ngumu zaidi siku hizi. Tangu Februari 26, 2025, Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta kitabu ulichonunua kwao na kukihamisha kwa waya. Kitabu cha duka lao sasa kinapita kwa Wi-Fi. Waya umebaki kwa faili zako mwenyewe. Kwa hivyo ni lazima ujue njia zote mbili.

Anza na waya, ni wa bure kukagua

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, badilisha waya. Waya nyingi zinazouzwa barabarani, hasa zile fupi zinazokuja na pawabanki au spika ndogo, hupitisha umeme peke yake. Ndani hazina nyuzi za kubeba data. Kisomaji kitachaji hadi asubuhi, na kompyuta haitajua kama kipo.

Jaribu hivi: chukua waya huo huo, unganisha simu yako na kompyuta. Ikiwa simu nayo inachaji tu bila kukuuliza kama unataka kuhamisha faili, shuku waya kwanza. Tafuta mwingine, na ukipata unaofanya kazi, uwekee alama ya kucha au utepe. Usimwazime mtu.

Jaribu pia tundu lingine la USB. Kwa kompyuta kubwa za mezani, matundu ya nyuma mara nyingi huwa imara kuliko ya mbele ambayo yamechomekwa na kila mpita njia.

Kisomaji chenyewe kina kufuli

Watu wengi husahau hili. Ukiwa umeweka namba ya siri kwenye Kindle, haitaonyesha faili zake kwa kompyuta hadi uandike hiyo namba. Ifungue kwanza, ndipo uchomeke. Kobo nayo ikigundua kompyuta huuliza kwa skrini kama unataka kuunganisha. Usipogusa kukubali, itaendelea kuchaji tu.

Kisha kuna hili la Kindle mpya. Zile zilizotoka 2024 hazijitambulishi tena kama flashi. Zinatumia mfumo uitwao MTP, ule ule wa simu za Android. Usiitafute kama diski yenye herufi E au F. Itafute kwa jina lake, pale ambapo simu huonekana. Kwa kompyuta za Mac utahitaji programu ya ziada ya kuhamisha faili.

Makufuli matatu ya kompyuta

Waya ni mzima, kifaa kiko wazi, na bado? Sasa ndipo tunaingia kwa ulinzi wenyewe. Kuna makufuli matatu, na kila moja lina dalili yake.

La kwanza ni sera ya USB. Dalili: unaona kifaa kinatajwa, lakini ukikifungua unaambiwa huna ruhusa. Ama unaweza kusoma kilichomo lakini huwezi kuweka kitu. Hiyo ni amri iliyowekwa na msimamizi wa kompyuta. Ajabu yake ni kwamba Windows ina amri tofauti kwa flashi na tofauti kwa vifaa vya aina ya simu. Msimamizi anaweza kuwa ameruhusu flashi akasahau hao wengine, na hapo ndipo utakuta Kindle ya zamani inaingia, mpya inakataa, mashine ni ile ile. Kuzima antivirasi hapa hakusaidii hata kidogo, kwa sababu anayezuia si antivirasi.

La pili ni ulinzi wa folda. Mei 12, 2017, WannaCry ilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kudai pesa. Oktoba mwaka huo, Windows 10 ilipata kinga inayozuia programu isiyojulikana kugusa folda muhimu kama ile ya Documents. Ukitumia Calibre, ile programu ya bure ya kupanga na kubadilisha vitabu, na maktaba yake iko ndani ya folda hiyo, unaweza kuambiwa huna ruhusa hata kwa laptopu yako mwenyewe. Dawa ni mbili, na zote hazihitaji kuzima kinga. Ingia katika mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi vya kudai fidia, kisha uiongeze Calibre peke yake kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa. Ama uihamishe maktaba ya Calibre hadi folda isiyolindwa.

La tatu ni faiwoli, ule ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka kupitia mtandao. Hili linakuhusu ukitaka kutuma vitabu kutoka kompyuta hadi kisomaji bila waya. Dalili: vifaa vyote viwili viko kwa Wi-Fi moja, lakini havionani. Windows ikikutana na mtandao mgeni, huuchukulia kuwa wa umma, Public, na kufunga milango ya kuingilia. Kwa nyumbani kwako, mtandao unaoujua, badilisha uwe Private. Kisha pale faiwoli inapouliza kama Calibre iruhusiwe, ikubalie kwa mitandao ya faragha pekee. Ukiwa kwa mkahawa au stendi ya basi, acha kama ilivyo. Huko Public ndiyo sahihi.

Jambo lingine: Wi-Fi nyingi za wageni hutenganisha vifaa makusudi, simu yangu isione laptopu yako. Hapo hata ufungue faiwoli yote, havitaonana. Ni ruta ndiyo imekataa, na imefanya vizuri.

Hotspoti: simu mpya, Kindle ya zamani

Hapa ndipo wengi wetu tunaishi, kwa hotspoti ya simu. Habari njema ni kwamba riwaya isiyo na picha nyingi mara nyingi haifiki hata megabaiti 2. Hata bando la mkwaju mdogo linatosha.

Habari ngumu ni kwamba simu mpya zinaweza kutoa hotspoti yenye ulinzi wa WPA3, uliozinduliwa 2018, ilhali visomaji vya zamani vinaelewa WPA2 ya 2004. Vingine vya zamani pia havioni masafa ya GHz 5, vinasikia GHz 2.4 peke yake. Matokeo: jina la hotspoti halionekani kabisa, au linaonekana lakini nywila inakataliwa hata ukiiandika sawasawa.

Fungua mipangilio ya hotspoti kwa simu yako. Chagua WPA2 na masafa ya GHz 2.4. Kwa iPhone kuna swichi ya kuongeza uwezo wa kuelewana na vifaa vingine. Iwashe. Weka nywila ndefu, pakua vitabu vyako, kisha uzime hotspoti. Usije ukaiacha wazi bila nywila eti ndiyo Kindle iingie. Hapo utakuwa umewalisha jirani wote bando lako.

Na Wi-Fi ya bure inayokufungulia ukurasa wa kuandika namba ya simu? Visomaji vingi hukwama hapo. Jaribu kufungua kivinjari cha kifaa, ukurasa unaweza kujitokeza. Ukikataa, usipoteze mchana, rudi kwa hotspoti.

Angalia saa

Kisomaji kikikaa kabatini miezi mingi na betri kuisha, saa yake inaweza kupotea. Kikiamka kinadhani ni mwaka mwingine. Sasa, mitandao salama hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama leseni ya udereva. Kifaa chenye tarehe mbaya hukiona cheti halali kuwa hakijaanza au kimekwisha, na kinakataa kuunganishwa. Sahihisha saa kwanza kabla ya kufikiria kitu kingine. Fanya hivyo pia kwa kompyuta.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Septemba 30, 2021, cheti kikuu kimoja cha zamani kilichotegemewa na tovuti nyingi kiliisha muda, na vifaa vingi visivyopata masasisho vikafungiwa nje ya tovuti hizo. Kwa hivyo ukinunua kisomaji cha mtumba, uliza kama bado kinapokea masasisho. Kisipopokea, bado ni kizuri kwa waya, lakini usimlipe muuzaji bei ya kifaa kinachoingia mtandaoni.

Ukiwa kwa mashine ya wenyewe, omba

Sasa turudi kwa saiba. Ukijua ni kufuli lipi, unaweza kuomba kitu kinachoeleweka. Linganisha: "Boss, zima antivirasi" na "Boss, naomba dakika tano. Hii ni Kindle, nataka kuweka faili tatu za vitabu. Unaweza kuiskani kwanza, halafu ufungue USB ya mashine hii moja?" Kwa maktaba, mwendee mhudumu: "Madam, habari ya leo? Naomba kusaidiwa kuhamisha vitabu kwa kisomaji changu. Ukipenda, nitakutumia faili kwa imeli uzihamishe wewe mwenyewe." La pili linamwonyesha kwamba unajali mashine yake, na watu husaidia anayejali.

Usijifungulie mwenyewe kwa ujanja uliouona YouTube. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakataza kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, na "nilikuwa nataka kitabu tu" si idhini. Isitoshe, saiba nyingi hutumia programu kama Deep Freeze, inayorudisha mashine ilivyokuwa kila ikizimwa na kuwashwa. Utahangaika nusu saa, stima ipotee sekunde mbili, na kila kitu kimerudi mwanzo.

Na kama mwenye mashine amekataa, usikasirike. Simu yako inatosha. Kila Kindle iliyosajiliwa ina anwani yake ya imeli. Tuma faili ya EPUB, ambayo Amazon imeipokea kwa njia hiyo tangu 2022, na kitabu kitashuka kupitia hotspoti. Hapa nako kuna kufuli: anwani unayotumia kutuma lazima iwe kwenye orodha uliyoidhinisha ndani ya akaunti yako ya Amazon. Isipokuwepo, kitabu hakitafika. Iongeze mara moja, umemaliza.

La mwisho, na hili lishike sana. Kitabu huja kama EPUB au PDF. Ukiingia kundi la Telegram, ukapewa "riwaya" inayoishia na .exe au .apk, hiyo si riwaya, ni mgeni anayetaka kuhamia kwa simu au kompyuta yako. Hapo ile antivirasi uliyoambiwa uzime ndiyo peke yake iliyo upande wako.

Basi fuata mpangilio huu: waya, namba ya siri ya kifaa, hotspoti, saa, ndipo uguse makufuli ya kompyuta, moja moja, na kwa idhini ya mwenyewe. Mara nyingi hutafika hata hatua ya tatu. Ukimaliza, toa kifaa kwa utaratibu kabla ya kuchomoa waya, ondoka kwa kila akaunti uliyoingia, na umwachie anayefuata mashine iliyofungwa vile ulivyoikuta.